Mganga Hajigangi: Kipimo Kikiugua, Apime Nani?

Wahenga wametuachia msemo kwamba mganga hajigangi. Barazani msemo huu hutumiwa zaidi kumcheka mtu anayewapa wenziwe mashauri mazuri, na yeye mwenyewe yakamshinda. Walakini wako watu ambao kwao jambo hili si mzaha, ni kazi ya mikono yao, nao ni mafundi wa kutengeneza vyombo vya kupimia umeme. Redio ikiharibika, fundi huchukua mita akaipima. Je, mita ikiharibika ataipima kwa nini?

Na ubovu wa kipimo una hila ambayo ubovu wa redio hauna. Redio mbovu hunyamaza, au hukoroma, na kila aliye chumbani akajua kuwa imeharibika. Kipimo kibovu huweza kuendelea kusema kwa sauti ile ile ya siku zote, kumbe kinasema uongo. Ni kama mizani ya dukani ambayo imepinda bila ya mtu kuipinda. Muuzaji ni mwaminifu, mnunuzi ameridhika, na haki ya mtu inapotea kila siku nusu ratili nusu ratili.

Chombo nitakachokizungumza leo ni kikongwe, nacho huitwa osiloskopu. Mita ya kawaida hukwambia kiasi cha umeme tu: hapa pana volti 9, pale pana volti 240. Osiloskopu hukuonyesha sura ya umeme wenyewe. Ina kioo mfano wa kile cha televisheni za zamani, na juu ya kioo hicho nukta ya mwanga hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ikipanda na kushuka kwa kadiri umeme unavyopanda na kushuka. Umeme wa nyumbani utauona ni mawimbi laini yaliyopangana kama mawimbi ya kaskazi. Sauti ya mtu kwenye kinasa sauti utaiona ni milima na mabonde. Fundi aliyeizoea hukitazama kioo kile kama baharia anavyotazama mawingu.

Jina kubwa katika vyombo hivi ni Tektronix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 mjini Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Waanzilishi wake wakuu walikuwa Howard Vollum na Jack Murdock. Vollum alisoma fizikia, lakini kabla ya Vita Vikuu vya Pili alikuwa akitengeneza redio katika duka la Murdock papo hapo Portland. Wakati wa vita alifanya kazi ya rada, na aliporudi wakaungana. Osiloskopu yao ya kwanza kuuzwa, 511, ilitoka mwaka 1947. Nalitaja hili la duka la redio kwa sababu lina maana katika habari yetu: vyombo hivi vilibuniwa na mtu aliyewahi kuinama juu ya redio ya mteja, bisibisi mkononi, akitafuta palipoharibika. Hilo linaonekana wazi ukikifungua chombo chenyewe.

Katika miaka ya 1950 na 1960 chombo chao mashuhuri kilikuwa 545 pamoja na ndugu zake. Ndugu msomaji, usidhani kuwa ni kitu cha kutia mfukoni. Ni sanduku la uzito wa kilo 30 hivi, lenye feni nyuma yake, na ndani limejaa valvu za kioo kwa makumi, zinazong'ara kama taa za maulidi. Hula umeme wa karibu wati 500, na chumba kidogo hukipasha joto mpaka ukatamani kutoka nje. Lakini katika siku zake kiliweza kuonyesha mawimbi yanayopiga mara milioni 30 katika sekunde moja, na leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, vingi bado vi hai. Wako watu Ulaya, Marekani na kwingineko wanaovifufua.

Kwetu pwani ufundi wa umeme si mgeni. Chuo cha Mombasa cha Elimu ya Waislamu, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na miongoni mwa mafunzo yake yalikuwemo ya umeme na ya mitambo ya meli. Ndicho chuo kilichokuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa hivyo habari za volti na rezista zimo katika majumba mengi ya Mji wa Kale, hata kama babu aliyezijua hazungumzi tena.

Basi tuseme chombo kama hiki kimeletwa mezani, na mwenyewe anasema mstari wa mwanga unatikisika na vipimo havilingani. Tuanzie wapi?

Kwanza kabisa, tuanze na roho ya fundi. Ndani ya 545 mna umeme wa volti 500 wazi kwenye nyaya, na kioo chake huvutwa na volti 10,000. Kuchomoa plagi hakutoshi, kwani kapasita kubwa huweka umeme kama mtungi unavyoweka maji, na huweza kumpiga mtu dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Mafundi wa zamani wana ada zao. Mkono mmoja hufanya kazi, wa pili hukaa mfukoni au nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Pete ya fedha na saa huvuliwa. Aliyevaa kanzu hukunja mikono yake, au bora aivue kabisa. Kapasita hukaushwa kwa kupitishia umeme wake kwenye rezista, wala si kwa kugusisha bisibisi kukatoka cheche. Na mtu hafanyi kazi hii akiwa peke yake nyumbani.

Pili, macho na pua kabla ya umeme. Sanduku lifunguliwe na litazamwe polepole. Je, kuna rezista iliyobadilika rangi kwa kuungua? Kapasita iliyotoa machozi? Valvu ambayo kioo chake kimekuwa cheupe kama maziwa? Huo weupe ni dalili kwamba hewa imeingia, na valvu hiyo imekwisha. Vyombo vya mwanzo vilikuwa na rektifaya za seleniamu, vile vibamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, kazi yake kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa njia moja. Seleniamu ikiungua hutoa harufu ya uozo ambayo aliyeinusa mara moja haisahau, tena moshi wake ni sumu. Mafundi wengi huiondoa wakatia dayodi za silikoni. Ni sawa, ila wakumbuke kwamba silikoni haipunguzi umeme kama seleniamu ilivyokuwa ikipunguza, kwa hivyo volti zitapanda, na hapana budi kuongeza rezista ya kuzishusha.

Jambo jingine linalotuhusu sisi hasa ni volti za ukutani. Chombo hiki kilitengenezwa katika nchi ya volti 117, lakini transfoma yake yaweza kuunganishwa kwa volti 234 pia. Kwetu umeme ni wa volti 240. Aliyenunua chombo kutoka Marekani akakitia plagi bila ya kuangalia nyuma namna nyaya zilivyofungwa, ameua transfoma kwa sekunde chache, na transfoma ile haitengenezwi tena popote duniani.

Ndiyo maana fundi mwenye hadhari hakipi chombo umeme wote kwa mara moja. Huunganisha globu ya taa, ya wati 100 au zaidi, katika njia ya umeme unaoingia. Ikiwa ndani kuna mgusano mbaya, globu itawaka kwa nguvu na chombo kitasalimika. Ikiwa globu inawaka mwanzo kisha ikafifia, basi mlango uko wazi na aweza kuendelea. Huku akisikiliza. Katika 545 mna swichi ya joto inayochelewesha umeme mkubwa kwa kiasi cha nusu dakika, mpaka valvu ziwe zimepata moto. Nusu dakika ikipita husikika mlio mmoja, tak! Usiposikika, kumbe hata hatujafika kwenye saketi za kupimia, na shida iko mlangoni.

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Ndani ya 545 mna volti za namna tano za kulisha saketi zote: volti 150 za upande wa hasi, kisha volti 100, 225, 350 na 500 za upande wa chanya. Mtu asiyejua ataziona ni tano zilizo sawa. La! Moja ndiyo imamu, na nne ni maamuma. Imamu ni ile ya 150 ya hasi. Nyingine zote hujipima kwa kuitazama yeye, akirukuu wanarukuu, na akikosea, wanakosea naye safu nzima. Ndiyo sababu kitabu cha chombo chenyewe humtaka fundi aipime hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Na huyo imamu, je, anamfuata nani? Anafuata valvu moja ndogo ya gesi, namba 5651, isiyozidi ukubwa wa kidole. Ndani yake gesi hung'ara kidogo, na maadamu inang'ara hushika volti 87 hivi baina ya ncha zake, umeme wa ukutani upande ama ushuke. Valvu nyingine huchukua sehemu ya zile volti 150 na kuilinganisha na hizo 87. Zikitofautiana hata kidogo, tofauti ile hukuzwa, nayo huamrisha valvu kubwa zilizosimama njiani kama mabawabu zifungue zaidi au zifunge. Hivyo umeme hujisahihisha wenyewe maelfu ya mara kwa sekunde.

Uzuri wa mpango huu ndio ugumu wake. Ni duara. Kinachotoka hurudi kuamrisha kinachoingia, na kinachoingia huamua kinachotoka. Katika njia iliyonyooka, fundi huanza mwanzo akafuata mpaka palipokatika. Katika duara hakuna mwanzo. Kiungo kimoja kikiharibika, vipimo vya viungo vyote huwa si sahihi, na kila kimoja huonekana kuwa ndicho chenye kosa. Hapa ndipo wasio na subira wanapokimbilia kubadilisha kila kitu, valvu hii, kapasita ile, rezista zote, mpaka chombo kikapona kwa bahati au kikafa kabisa. Nami, kwa rai yangu, naona hata kile kilichopona hakikutengenezwa, kwani fundi hajui alichokifanya.

Hebu tuchukue mfano wenye hesabu. Tuseme tumepima, na ile 150 inasoma 163. Maamuma nao: mahali pa 100 tumepata karibu 109, mahali pa 225 tumepata 244 na nusu, mahali pa 350 tumepata 380, mahali pa 500 tumepata 543. Mtu wa haraka ataandika: volti zote tano ni mbovu. Lakini zigawe, ndugu msomaji. Zote zimepanda kwa kiasi kimoja, karibu asilimia 9. Vitu vitano haviharibiki kwa pamoja kwa hesabu moja. Maamuma wote ni wazima, wanafuata vizuri kabisa, na aliyepotea ni imamu peke yake. Lau moja tu ingalikuwa imepotoka na nyingine zikawa sawa, tungalimwacha imamu tukamwendea huyo mmoja.

Haya, imamu amepotoka. Kwa nini? Kipimo kimoja kinatosha kuigawa njia mara mbili: tupime volti kati ya ncha mbili za ile valvu ya gesi. Ikiwa zimepanda kwa kiasi kile kile cha asilimia 9, ikawa 94 au 95 badala ya 87, basi valvu ya gesi imezeeka nayo ndiyo mkosa. Ikiwa ni 87 kamili, valvu haina kosa, na tuelekee kwenye rezista zinazogawanya zile 150 kabla ya kulinganishwa. Moja itakuwa imebadilika kwa umri, nayo tutaibaini kwa kuzima chombo, kukausha kapasita, na kupima rezista moja moja, ncha moja ikiwa imefunguliwa. Kwa kipimo kimoja tumeziacha nje valvu na kapasita chungu nzima ambazo mtu wa haraka angalizinunua.

Lakini kuna kishawishi hapa, na nimekisikia kikisifiwa kama ujanja. Karibu na saketi hiyo pana skrubu ya kurekebishia ile 150. Ukiizungusha kidogo, 163 hurudi 150, maamuma wote hurudi mahali pao, mteja hulipa akaenda zake. Fundi huyo amefanya nini? Amemnyoosha imamu kwa nguvu pasi na kujua alichougua. Rezista iliyokwisha kubadilika itaendelea kubadilika, na iko siku skrubu itafika mwisho wa kuzunguka kwake. Skrubu ile iliwekwa kwa chombo kizima, kumaliza tofauti ndogondogo za valvu na valvu. Haikuwekwa kuficha ugonjwa.

Nimesema tupime, tupime. Kwa nini? Chombo chenyewe kina kipimo chake cha ndani, kinachotoa mawimbi ya mraba kama 1,000 kwa sekunde, ili mwenyewe ajihakikishie kwamba kioo kinasema kweli. Ni msaada mkubwa, lakini katika ugonjwa huu hauna maana, kwa sababu kipimo hicho cha ndani hulishwa na volti zile zile zilizopotoka. Ni shahidi wa nyumba moja na mshitakiwa. Hapana budi shahidi atoke nje, na bora wawe wawili.

Na hata mashahidi wawili waadilifu huweza kutofautiana. Wazee wengi wa ufundi wana Avo, ile mita nzito nyeusi ya Kiingereza iliyobuniwa na Donald Macadie, mtu wa Posta ya Uingereza, mwaka 1923. Mfano wake wa 8 ulitoka mwaka 1951 na ukaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2008. Vijana wao wana mita za tarakimu. Tuseme mahali fulani katika saketi pana volti 100, lakini umeme wake umepitia rezista kubwa ya omu milioni moja. Weka Avo katika kiwango cha volti 100: itasoma 67 tu. Weka mita ya tarakimu: itasoma 91. Mzee na kijana watashikana mashati, na wote wawili wamesema kweli. Kila mita hunywa umeme kidogo ili ipate kupima, na Avo hunywa zaidi. Ile 8 hunywa kana kwamba ni rezista ya omu 20,000 kwa kila volti ya kiwango chake, yaani milioni mbili katika kiwango hicho cha 100, hali mita nyingi za tarakimu ni kama rezista ya milioni kumi. Sasa, vitabu vya Tektronix vya wakati huo viliandikwa kwa kudhani kwamba msomaji anashika mita ya omu 20,000 kwa volti. Kwa hivyo katika sehemu kama hizo yule mzee mwenye Avo atapata namba za kitabuni, na kijana mwenye mita mpya atapata namba zilizopanda, akadhani pana ubovu pasipokuwa na ubovu.

Sijasahau kwamba mteja alisema mstari unatikisika. Huo ni ugonjwa wa pili, na hapa, ajabu, mganga hujiganga kidogo. Iambie osiloskopu ifuate mdundo wa umeme wa ukutani. Iko swichi yake. Ikiwa mtikisiko ule utasimama tuli juu ya kioo, basi unatoka kwenye umeme wa ukutani, wala si kwingineko. Kisha hesabu. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye rektifaya nzima huwa mapigo 100. Mtikisiko wa 100 aghalabu ni kapasita kubwa iliyokauka, isiyoweza tena kuweka umeme wa kutosha baina ya pigo na pigo, hata bawabu akaishiwa na cha kugawa. Mtikisiko wa 50 ni habari nyingine: ama nusu ya rektifaya imekufa, ama ndani ya valvu fulani umeme wa moto unavujia mahali pasipo pake. Kwa kuhesabu mawimbi kwenye kioo cha mgonjwa mwenyewe umekwisha jua kama uende dukani kununua kapasita au la.

Ukishakijua kilichoharibika, kukitoa nako kuna adabu yake. Ndani ya 545 vipande havikulehemiwa kwenye vibao kama vya siku hizi. Vimekaa juu ya vipande virefu vya kauri, kama vile vya vikombe, vilivyochongwa visima visima, na kila kisima kimepakwa fedha. Fedha halisi. Risasi ya kawaida ya kulehemia ikiyeyuka humo mara kwa mara huila ile fedha kama chai inavyokula sukari, na kisima hakishiki tena. Yafaa risasi iliyotiwa fedha kidogo, kama asilimia 3. Na Tektronix walifanyaje? Walitia kibunda kidogo cha risasi hiyo ndani ya chombo chenyewe, kimefungwa hapo kikimngoja fundi ambaye hawatamjua, katika nchi ambayo hawataiona. Baadhi ya watu wanaofungua masanduku haya leo hukikuta bado kipo.

Hewa yetu ya chumvi ni adui. Swichi za kuzungusha, ambazo ni nyingi katika chombo hiki, huwa na ncha za fedha, na fedha huingia weusi. Dawa yake ni spiriti na kuzungusha mara nyingi, wala si msasa, kwani msasa hula fedha ikabaki shaba. Na kama chombo kimejaa vumbi na mafuta, msomaji atastaajabu kusikia kwamba karakana za Tektronix zenyewe zilikuwa zikikiosha chombo kizima kwa maji na sabuni laini, kisha zikakikausha kwa joto la polepole. Mimi sikushauri uanze hivyo nyumbani. Transfoma ikibaki na unyevu ndani, utakapowasha hutapata nafasi ya pili. Kadhalika vyombo kadhaa vya miaka ya 1960 vina transfoma ya volti kubwa iliyozamishwa katika gundi ngumu, nayo kwa umri hupoteza nguvu ikishapata moto. Picha huanza nzuri, na baada ya nusu saa hufifia na kutanuka. Huo ni ugonjwa wa kusukwa upya kwa transfoma, na si wa kila mtu.

Mdogo wao aliyekuja baadaye, 465 wa mwaka 1972, hutumia transista, na mtu hubebea mkononi. Ugonjwa wake mashuhuri ni vile vikapasita vya tantalamu vyenye umbo la tone, ambavyo hufa kwa kugusana ndani na kuibwaga chini volti nzima. Huko fundi huzima chombo na kupima kila njia ya umeme kwa omu. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye maiti.

Mtu ataniuliza: taabu yote hii ya nini, na mita mpya huuzwa kila duka? Jibu moja lilitolewa kwa matendo na Jim Williams, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 2011. Alikuwa akibuni saketi mpya za transista ndogondogo, na meza yake imejaa Tektronix kuukuu alizozitengeneza mwenyewe. Aliandika insha nzima juu ya umuhimu wa kutengeneza kilichoharibika. Kwake yeye, chombo kibovu kilikuwa mwalimu: saketi iliyobuniwa na mtu hodari hukufunza zaidi inapokataa kufanya kazi, kwa sababu inakulazimisha uifahamu. Baada ya kufa kwake meza yake, na fujo lake lote, iliwekwa katika jumba la makumbusho la kompyuta huko Mountain View, California.

Na jibu la pili limo katika vitabu. Kitabu kilichokuja na chombo cha 545 kilieleza saketi zote moja baada ya moja, kwa maneno ya kueleweka, na mchoro ukaandikwa volti zinazotakiwa. Ukinunua chombo siku hizi, mara nyingi hupewa karatasi ya kukwambia usikifungue. Wale wa zamani walimwuzia mtu chombo pamoja na elimu yake. Vitabu hivyo sasa vimewekwa kwenye intaneti, na kijana wa Likoni mwenye simu aweza kuvisoma bure usiku huu huu. Huko Oregon nako wafanyakazi wastaafu wa kampuni wamefungua jumba lao la makumbusho, wakiviweka vyombo hivyo vikiwa vinawaka.

Turudi mezani. Rezista mpya imeshalehemiwa, kapasita imebadilishwa, na ile 150 ni 150 kwa ushahidi wa mita mbili. Chombo kiachwe kikiwaka saa mbili, feni ikizunguka, kisha volti zote tano zipimwe tena, kwani kuna ubovu usiojitokeza ila kwa joto. Zikiwa hazikusogea, libaki suala la wakati: je, nukta ya mwanga inakimbia kwa mwendo ulioandikwa? Chukua volti chache tu kutoka transfoma ndogo, kamwe si moja kwa moja kutoka ukutani, uziingize. Umeme wetu hukamilisha wimbi moja kwa elfu 20 za sekunde. Weka mwendo wa elfu tano za sekunde kwa kila sentimita, na wimbi moja lichukue sentimita nne za kioo. Likichukua tatu na nusu au nne na nusu, usigeuze skrubu bado. Rudi kwenye kitabu, katika mlango wa saketi ya mwendo, na uanze tena kwa kuzipima volti zinazoilisha.